Utambi utokao moshi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye neno moja tu. Nilikuwa nasoma Isaya 42:3 kwa Kiingereza nikakutana na "smoldering wick", nikaanza kukuna kichwa, hii smolder ndo nini tena, na Waingereza wanaiandika smoulder, wanaongeza u bila sababu naona. Kamusi inasema ni moto unaoungua polepole, moshi upo ila miali hakuna. Nikacheka, si ndo kufukuta kwetu! Na wao kama sisi wanalitumia hata kwenye hasira, mtu katulia anatabasamu kumbe ndani kunafukuta, huyo ndo anaambiwa jua lisichwe na uchungu wake bado haujamtoka, ila hiyo tuiache ni tafakari ya siku nyingine.

Biblia yetu inasema juu ya mtumishi wa Bwana, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima", na Mathayo 12:20 anairudia akimsema Yesu. Utambi wa enzi zile ulikuwa wa kitani, mafuta yakikauka unabaki moshi tu, macho yanawasha, nyumba nzima inanuka, mtu yeyote angeuminya kwa vidole yaishe. Basi juzi usiku nikajaribu na mshumaa. Nimeupuliza, kwenye ncha kikabaki kinukta chekundu na uzi mwembamba wa moshi mweupe unapanda, nikasogeza kiberiti kwenye ule moshi, juu kidogo wala sijagusa utambi, moto ukashuka na moshi puu, mshumaa ukawaka! Jaribuni muone, ila muwahi kabla moshi haujakata. Kumbe moshi ule ni nta yenyewe imegeuka mvuke, yaani kile kinachotukera ndo hichohicho kinachoshika moto.

Hapo nikamkumbuka dada mmoja wa kwenye grupu letu, miezi kimya, majuzi katokea na "Amina" moja tu chini ya posti ya mtu. Mimi nilishaanza kumwandikia, eeh leo umetukumbuka? Utani, lakini ule utani wenye mwiba, mnaujua.

Sasa someni mstari wa 4, bado ni huyohuyo mtumishi wa Bwana: "Hatazimia, wala hatakata tamaa". Kwenye Kiebrania neno lililotumika kwa utambi kufifia ndo linarudi hapo, na la mwanzi kupondeka nalo linarudi, yaani anayetuinamia sisi tunaofuka moshi yeye mwenyewe hafifii wala hapondeki, ndo maana haraka hana. Sisi wepesi wa kuminya wenzetu mara nyingi ni mafuta yetu ndo yameisha, na hapa najisema mwenyewe kwanza.

Ule ujumbe nimeufuta. Nimemwandikia tu, dada habari za siku nyingi, uko salama? Tiki zimeshakuwa za bluu, hajajibu bado.