Nilivyopanga jiko la kaunta na soketi zake

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kuweka soketi ukutani, nyuma ya jiko kabisa, "ili waya usionekane". Niliukataa, na bado naudhika kwamba aliyeutoa ni fundi. Nyuma ya jiko ndipo mvuke unapopanda na mafuta yanaporuka. Plastiki ya soketi ya hapo huiva kwa joto mpaka ikapasuka, grisi huingia matunduni, na ukitaka kuchomoa plagi lazima mkono upite juu ya sufuria inayochemka.

Jiko langu ni la umeme, la kupachikwa ndani ya kaunta, la plate nne, kilowati 7. Kwa volti 230 hiyo ni kama ampea 30 zote zikiwaka pamoja, kwa hiyo soketi ya kawaida ya ampea 13 haihusiki hapa. Fundi alinivutia laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, yaani kisanduku cha breka za nyumba: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na kinga ya umeme unaovuja. Safari ya waya ikiwa ndefu sana, au ukipita ndani ya kitu kinachozuia joto kutoka, hesabu hurudiwa na waya huongezwa unene.

Swichi ya kukatia jiko ndiyo iliyonisumbua. Kwanza niliichorea alama ndani ya kabati, chini ya jiko lenyewe. Kabla ukuta haujachimbwa nilikata boksi la sentimita 59 kwa 52, sawa na uso wa jiko, nikaligandisha kwenye kaunta kwa gundi ya karatasi na kupanga sufuria juu yake, mikono yake ikitokeza kama wakati wa kupika. Kisha nikajiuliza: mafuta yakishika moto sasa hivi, nazima wapi? Kufungua kabati kulimaanisha kuinama uso ukiwa usawa wa moto, tena kwa kusogeza vyombo kwanza. Alama nikaihamishia ukutani juu ya kaunta, upande wa kushoto, sentimita 40 kutoka ukingo wa boksi. Kanuni ninayoifuata ni hii: isiwe juu ya jiko, isizidi mita 2 kutoka kwake, na ifikiwe bila mkono kuvuka plate.

Boksi lile lile lilinisaidia kwenye soketi za birika na blenda. Nilikata kamba yenye urefu wa waya wa birika, nikagandisha ncha moja kwenye alama ya soketi na kuipeleka nyingine mahali birika litakapokaa. Kwenye alama mbili za mwanzo kamba ilikatiza juu ya boksi. Waya halisi ungelala kwenye plate ya moto na kuyeyuka. Nikazihamisha hadi kila kifaa kikawa na soketi ya upande wake: sentimita 30 au zaidi kutoka ukingo wa jiko, kiasi hicho hicho kutoka kwenye sinki, na sentimita 15 juu ya kaunta ili maji yanayomwagika yasiifikie na plagi ipate nafasi ya kukunja waya.

Jiko lenyewe lisigusane na friji wala kabati refu. Acha angalau sentimita 30 za kaunta kila upande, maana sufuria ya moto inahitaji pa kutua. Kabati la mbao la juu nililiweka sentimita 70 kutoka kwenye plate. Kwa jiko la gesi ongeza kimo, epuka dirisha ambalo upepo wake utazima moto, na usiweke soketi chini karibu na mtungi: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, na cheche moja inatosha.

Kwenye kukata kaunta, fuata vipimo vya kitabu cha jiko. Langu lilitaka tundu la sentimita 56 kwa 49, dogo kuliko uso wake. Toboa kona kwa drili kwanza ndipo ukate, kwa kuwa kona kali huanzisha ufa, hasa kwenye jiwe. Ukingo wa mbao uliokatwa upake silikoni, la sivyo mvuke utauvimbisha. Mwisho, kaza skrubu za waya kwa nguvu na uzikague tena baada ya wiki chache za kupika. Skrubu iliyolegea kwenye mzigo wa ampea 30 hupata moto na kuchoma plastiki, na breka haitakatika kwa sababu umeme haujazidi.