Bibi Wanaozunguka: Usiku Mmoja katika Sambódromo

Rio de Janeiro, Jumatano ya Majivu

Picha za karnivali ya Rio zinazosambazwa duniani karibu zote ni za wasichana waliovaa manyoya na vito vinavyometameta. Wasichana hao wapo, na wanacheza kwa ustadi unaostahili kila sifa, lakini usiku wa juzi kundi lililonifanya nisimame na kusahau kamera niliyokuwa nimeishika lilikuwa la wanawake watu wazima, wengi wao bibi kabisa, ambao huitwa baiana. Walikuwa wamevaa marinda mapana mno yaliyotandazwa kwa pete za ndani, vilemba vichwani na shanga zilizojaa kifuani, wakawa wanazunguka wote kwa pamoja huku wakiimba, na marinda yao yakajaza barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Kanuni za mashindano zinailazimisha kila shule ya samba, yaani chama cha mtaa kinachoshindana katika karnivali kwa ngoma, wimbo na mavazi, kuwa na kundi hili, na baada ya kuwaona ninaelewa kwa nini hakuna anayethubutu kupendekeza liondolewe.

Heshima hiyo ina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, akina mama weusi kutoka Bahia, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazili, walihamia Rio, wakauza vyakula mitaani, wakaongoza ibada zao za asili ya Kiafrika, na wakafungua milango ya nyumba zao kwa wapiga ngoma katika miaka ambayo polisi waliwasumbua na hata kuwakamata watu kwa sababu ya samba. Anayekumbukwa kuliko wote ni Tia Ciata, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa Praça Onze. Ni katika uwanja huohuo ambapo shule za samba zilishindana rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1932, mashindano yaliyoandaliwa na gazeti moja la michezo, na shule ya Mangueira ikaibuka mshindi. Sambódromo, barabara maalumu ya maonyesho ya shule hizo, iliyosanifiwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984, ipo hatua chache tu kutoka hapo, kwa hiyo bibi hawa wanazunguka karibu kabisa na ardhi ambayo wenzao waliotangulia walikaripiwa na kufukuzwa.

Barabara yenyewe ina urefu wa takriban mita 700, na majukwaa ya watazamaji yamepangwa pande zote mbili. Shule huingia na maelfu ya washiriki pamoja na magari ya mapambo yenye kimo cha nyumba ya ghorofa, nayo hupewa muda unaozidi saa moja kidogo tu kumaliza safari hiyo. Ikichelewa, hukatwa alama. Waamuzi hupima ngoma, wimbo, mavazi, magari, mwendo wa msafara, na hata jinsi mshika bendera na mwenziwe wanavyocheza bila bendera kujiviringisha kwenye mlingoti. Waimbaji wasioimba kwa pamoja huiponza shule nzima. Nidhamu kali kiasi hicho ndani ya furaha kubwa kiasi hicho ni jambo ambalo sikuwahi kuliona mahali pengine popote, na ndilo ninalotaka kulikumbuka.

Wapigaji wa ngoma, ambao pamoja huitwa bateria, ni zaidi ya 200 katika kila shule kubwa. Ngoma nzito, surdo, ndizo zinazobeba mwendo wote. Kwa kawaida moja hupiga na nyingine huijibu, isipokuwa kwa Mangueira, ambayo kwa desturi yake ya miaka mingi huacha surdo ya kwanza ipige bila jibu, na pengo hilo la ukimya hutambulika mara moja hata na mgeni. Bateria ilipofika mbele ya jukwaa letu, kiongozi wao aliinua mkono, ngoma zote zikanyamaza kwa mkupuo, na wimbo ukabaki juu ya sauti za watazamaji peke yake. Nyimbo hizi hutolewa miezi kadhaa kabla ya karnivali, kwa hiyo jukwaa zima lilikuwa linazijua. Kisha mkono ukashuka, na ngoma zikarudi na kunigonga kifuani.

Mzee aliyekaa kando yangu, mwalimu mstaafu, alinisimulia habari za mwaka 1988, miaka 100 baada ya utumwa kukomeshwa Brazili, ambapo shule ya Vila Isabel ilitwaa ubingwa wake wa kwanza kwa onyesho la kuwatukuza watu weusi na shujaa wao Zumbi wa Palmares. Aliposikia kwamba ninatoka Mtwara, alinishauri niende Valongo, na jana nilikwenda. Ni gati ya zamani iliyofukuliwa mwaka 2011 na kuingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Inakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 900,000 walishushwa hapo wakiwa watumwa. Wengi walitoka Angola na Kongo, lakini wamo pia waliopakiwa katika bandari za Msumbiji, wakiwemo Wamakua, ambao ndugu zao ni majirani zetu nyumbani. Nilisimama juu ya mawe yale na sikuweza kuondoka haraka.

Jambo moja liliniudhi: vyumba vya kifahari vilivyo kando ya barabara, ambamo wageni waalikwa hupigiwa muziki wao wenyewe wakati shule inapita. Watu walioshona mavazi kwa miezi mingi wanastahili kusikilizwa kwa saa moja.

Leo alasiri alama zinasomwa hadharani, kipengele kimoja baada ya kingine, na kila sehemu ya kumi ya alama inaweza kutoa ubingwa au kuishusha shule daraja. Jumamosi shule sita bora zitapita tena. Nimeahirisha safari ya São Paulo ili niwepo, na nitatafuta nafasi karibu na upenyo ambao bateria huingia ili kuupisha msafara, mahali ambapo wapigaji husimama papo hapo kwa muda mrefu na baiana hupita mbele yao.