Mpwa wangu anachorea hesabu

Jamani mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita na hakuna aliyemfundisha, kaanza na Scratch, ile programu ya bure ya watoto kujifunzia kodi, ya chuo cha MIT cha Marekani, iliyotoka 2007 ambayo hata Kiswahili inacho, akawa anapanga vibloku vya amri na paka wa kwenye skrini anatembea, sasa hivi kahamia p5.js, zana ya kuchora kwa kuandika kodi, anaandika mwenyewe mstari kwa mstari! Jana kanionyesha mawimbi yanacheza kwenye skrini, kumbe ile draw, sehemu ya kodi inayochora, inajirudia kama mara 60 kwa sekunde na kila raundi yeye anasogeza viduara kidogo kwa sini (sine) ya pembe, hesabu ambayo darasani kwao bado sana. Nikamuuliza umejuaje, eti "mjomba nilikuwa nabadilisha namba naangalia kinatokea nini". Nimefurahi mno aisee. Namtafutia laptopu, used ila nzima, mwenye nayo anicheki inboksi.