Mkono wa taa ya dagaa: hatimaye unarudi ukiwa na mzigo

Umekubali! Jana jioni hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, taa ikining'inia kwenye ncha, nimeuvuta mkono kutoka mita 2 hadi mwisho na haukugoma hata kidogo. Nimefurahi mno.

Mkono ni mabomba mawili ya chuma, dogo linateleza ndani ya kubwa. Bomba la nje ni la mraba, milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. La ndani ni 40 kwa 40. Taa inatakiwa itoke mbali na mitumbwi ivute dagaa, halafu irudishwe polepole, nao waifuate mpaka juu ya wavu. Kwa hiyo mkono lazima urudi na mzigo wake, na hapo ndipo uliponitesa.

Bila taa uliteleza. Ukifunga taa tu, unakwama. Kuna nafasi ya milimita 2 kila upande, na bomba la ndani lilibaki sentimita 20 ndani ya mwenzake: hiyo peke yake inashusha ncha sentimita 4. Taa na fremu yake ni kilo 4, lakini mkia wa bomba la ndani, ile ncha inayobaki ndani ya la nje, unasukuma juu kwa kilo 40, mbali na uzito wa bomba lenyewe! Chuma kinang'ata chuma. Grisi ilinikera kabisa, inashika mchanga na kugeuka msasa.

Sasa bomba la ndani linabaki sentimita 50 ndani ya la nje, na kilo 40 zimeshuka hadi 16. Kilichomaliza kazi ni dumu la njano la mafuta ya kula. Nimekata vipande viwili: kimoja chini kwenye mdomo wa bomba la nje, kimekunjiwa nje na kubanwa kwa bolti, kingine juu ya mkia wa bomba la ndani, kimekunjiwa ndani na kukazwa kwa kabari ya mbao. Mzigo unakaa sehemu hizo mbili tu, kwingine ni kupoteza plastiki.

Ule mshono wa kuchomelea ulio ndani ya bomba la nje, uondoeni kwa tupa bapa. Grenda haifiki, na ikifika inachimba. Tupa nzuri ni mali kuliko diski kumi za bei rahisi.

Ilikuwa nipake rangi wiki hii, kisha nifunge winchi. Rangi isubiri. Nimewaza kuweka swichi kando ya mkono, ili kadiri unavyorudi balbu za taa zizimike moja moja, dagaa wajikusanye kwenye mwanga mdogo. Nyaya nimeshazitandaza mezani. Mbalamwezi ikipita, tunaingia nayo ziwani.