Kona ya Barabara ya Kumi na Mbili

Saa tisa na nusu usiku mke wangu alikuwa ameshaoga, ameshavaa, amekaa ukingoni mwa kitanda anabana namba kifuani kwa pini nne. Ya nne ilimsumbua. Aliifunga na kuifungua mara tatu, maana namba ilikuwa inakaa upande. Mimi nilikuwa nimejifunika shuka gubigubi, najifanya sisikii.

Kazi yangu siku ile ilikuwa moja tu. Yeye angekimbia kilomita 21 na ushei, mizunguko miwili: kutoka uwanja wa Mkwakwani, Tanga, kuzunguka Ngamiani, halafu Barabara ya Hospitali hadi Raskazone na kurudi. Mimi nisimame kona ya barabara ya kumi na mbili, kwenye kilomita ya 14, nimpe maji na tende. "Uzitoe kokwa," aliniambia usiku ule kabla ya kulala. Niliitikia macho yakiwa kwenye simu.

Wakaondoka saa kumi na mbili kamili, giza ndiyo linapauka. Hewa ilikuwa nzito, upepo wa bahari haujaamka. Jasho la Tanga halikauki. Linateleza tu mwilini, maji na chumvi vinakutoka na joto limebaki palepale. Yeye alilijua hilo. Mimi nilikuwa na hesabu zangu: dakika saba kwa kilomita, mara 14, basi atafika kwangu saa moja na dakika 38. Muda tele.

Pale jirani na kona palikuwa na bibi anauza mahamri na mbaazi za nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nawe wakimbia?"

"Namsindikiza mke wangu."

Akanitazama, akatazama tumbo langu, akaongeza hamri la tatu bila kuulizwa. Mbaazi zile, nisiseme uongo, sijazisahau mpaka leo.

Nilisimama kwenye kona saa moja na dakika 35, chupa mkono wa kulia, tende mkono wa kushoto, nimejipanga kama askari wa gwaride. Ikafika 38. Ikafika 45. Wakapita wanaotembea, wakapita vijana wawili wanapigana picha. Moyo ukaanza kwenda mbio. Meza ya maji ng'ambo ya barabara ilikuwa imebaki na vikombe vitupu, na mimi tayari nilishamwona ameanguka mahali, watu wanampepea kwa khanga.

Mzee mmoja alikuwa ameegemea baiskeli yake tangu mapema. Nikamuuliza kama amemwona mwanamke mwenye mtandio wa zambarau.

"Huyo? Kapita zamani, kijana. Kageuza shingo huku na huku, akaondoka zake. Tanga waja leo waondoka leo, hujasikia?"

Kumbe alikuwa anakimbia kwa dakika sita na nusu. Alipita saa moja na dakika 31, mimi nikiwa nafuta sahani kwa kipande cha hamri.

Mzee akanipa baiskeli, Phoenix nyeusi yenye kiti cha kumtoa mtu machozi. Nilikanyaga kama mwendawazimu. Kabla sijaimaliza Ngamiani cheni ikachomoka; nikairudisha kwa vidole, nikaipangusa grisi kwenye suruali, nikaendelea. Nilimkuta karibu na hospitali ya Bombo, anarudi kutoka Raskazone, midomo imekauka, mtandio umemganda kichwani. Hakusimama. Nikawa naendesha pembeni yake kwa mkono mmoja, nampa chupa. Akanywa, akajimwagia shingoni, akanyoosha mkono. Nikampa tende mbili. Akazitia mdomoni pamoja, akatafuna mara moja, akanigeukia.

Jicho lile silielezi.

"Samahani, mama watoto."

Hakujibu. Hangeweza, mdomo umejaa. Akaongeza mwendo, akaniacha na baiskeli ya watu.

Mkwakwani nilifika baada yake. Nilimkuta ameketi chini kivulini, medali shingoni, viatu kavua, anacheka na wanawake asiowajua. Nikachuchumaa mbele yake nikaanza kujieleza: hesabu, cheni, mzee. Mbaazi nikaziruka.

Aliniacha nimalize. Kisha akaushika mkono wangu, akaikunjua ngumi yake, akaniwekea kiganjani kokwa mbili, bado za moto.