Nilivyofufua vikundi vya kusikiliza redio kwa ajili ya ngitili

Kipindi cha mazingira cha redio hakina ugumu kukitengeneza. Unamwalika bwana misitu studio, anaeleza madhara ya kukata miti hovyo, unapiga wimbo, muda umekwisha. Mimi nilitaka kipindi cha ngitili, yaani malisho ya kienyeji yanayofungwa kwa msimu ili nyasi na miti vistawi, ambacho kikimalizika ndipo watu wanaanza kazi. Natangaza kwenye redio ndogo ya jamii mkoani Shinyanga, hatuna fedha za kampeni kubwa, na njia niliyoifuata imeshatumika hapa nchini kabla sijazaliwa.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasomewa sura ya kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa takriban 75,000. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na miaka ya 1980 ikaja Misitu ni Mali, ambayo ndiyo iliyogusa moja kwa moja jambo langu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo redio ndiyo iliyobeba mzigo wote huo.

Nilimtafuta mzee wa kata yetu ambaye mwaka huo wa 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi. Alinieleza mambo ambayo nisingeyapata kwenye ripoti yoyote. Betri zilianikwa juani mchana ili jioni zitoe sauti. Redio iliwekwa juu ya kigoda, watu wakaketi kuizunguka, na kitabu alishika yule aliyejua kusoma vizuri, hata kama alikuwa kijana kuliko wote. Jambo alilolikazia zaidi lilikuwa moja. "Mwanangu, kipindi kikiisha, redio izimwe. Ikiendelea kuongea, watu hawaongei." Nikamwambia, "Nimekusikia, babu." Kipindi changu chote nimekijenga juu ya neno hilo.

Ngitili niliichagua kwa sababu hapa kwetu kila familia ina la kusema juu yake. Ni eneo la malisho linalofungwa masika ili nyasi na miti vistawi, likafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa pa kwenda. Wasukuma wameitunza tangu enzi. Lakini vichaka vingi vilifyekwa wakati wa ukoloni kupambana na mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wakaacha ngitili zao nyuma. Mkoa ukabaki uwanda mtupu. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaoujua wote kwa jina la HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na miche ya kigeni. Baadaye wataalamu wakawasikiliza wenyeji, wakaipa nguvu ngitili, wakazunguka vijijini na maonyesho ya video, maigizo na mikutano. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 HASHI ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwangu mimi hakuna habari ya mazingira nchini inayostahili kusimuliwa zaidi ya hii, na inaniuma kwamba vijana wengi wa huku hawaijui.

Nilianza na vijiji vichache tu vinavyotushika vizuri hewani. Kila kikundi kina watu wasiozidi 15, wanawake na wanaume, wafugaji na wakulima, pamoja na kiongozi waliyemchagua wenyewe. Kipindi ni kifupi: sauti za wazee wakieleza ngitili ilivyotunzwa zamani, maelezo ya bwana misitu kwa lugha nyepesi, na mwishoni swali moja. Swali hilo ndilo linalonichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote. Ukiuliza "Je, miti ni muhimu?", wote watajibu ndiyo na kuondoka. Ukiuliza "Ng'ombe wa jirani akikutwa ndani ya ngitili iliyofungwa, anayelipa ni mwenye ng'ombe au mzazi wa mtoto aliyekuwa anachunga?", hapo hamlali.

Swali likishasomwa, redio inazimwa. Kanuni za utangazaji zinatutaka turushe matangazo kwa Kiswahili au Kiingereza, na wapo bibi na babu ambao Kiswahili cha redio kinawapita. Redio ikizimwa, mazungumzo yanaingia kwenye Kisukuma, na wale waliokuwa kimya ndio wanaoyashika. Kiongozi anaandika makubaliano kwenye kaunta buku, halafu mmoja anarekodi kwa simu majibu ya kikundi. Penye mtandao wanatuma kwa WhatsApp, pasipo na mtandao memori kadi inakuja kwa bodaboda. Wiki inayofuata kipindi kinafunguliwa kwa sauti hizo. Mtu akijisikia hewani, wiki nyingine anakuja na jirani yake.

Kikundi kimoja kilinionyesha njia hii inaweza kufika wapi. Ngitili ya kijiji chao ilikuwa ikimegwa kidogo kidogo na wenye mashamba ya pembeni, na hakuna aliyetaka kumtaja mwenzake. Kupitia swali la mipaka, mama mmoja alitaja kisiki cha mninga ambapo mpaka ulianzia alipokuwa binti, mzee mwingine akataja kichuguu, wa tatu akataja mkondo wa maji. Asubuhi walitembea pamoja kutoka alama moja hadi nyingine, nami nikiwafuata na kinasa sauti, na mpaka ukapatikana bila kumtuhumu yeyote. Suala likapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, likapita, na mvua za kwanza ziliponyesha wakapanda minyaa kufuata mstari huo. Mnyaa hauliwi na ng'ombe na unashika kwa kuchomekwa tu, kwa hiyo hawakuhitaji kununua chochote.

Gharama kwetu ni nauli na vocha, basi. Kikwazo kikubwa ni msimu wa palizi, ambapo vikundi hupwaya, nami nimeona ni vyema kusimama kabisa wakati huo na kuanza upya baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na ngitili zikikaribia kufunguliwa. Viongozi wa vikundi nawakutanisha kabla ya kila awamu, tunasikiliza vipindi kabla havijaenda hewani, na swali wanalolikataa linaondolewa.

Awamu inayokuja ni ya mkaa. Safari hii nimeomba wachoma mkaa wenyewe wawe na kikundi chao, na wamekubali kwa sharti kwamba tukutane karibu na matanuri, kwa sababu tanuri likishawashwa mwenyewe habanduki mpaka lizimwe. Swali la kwanza wameshanipa wao: anayekata mti akaacha kisiki kichipue, kijiji kimtofautishe vipi na anayeng'oa mpaka mizizi?