Vumbi la Chamwino ndani ya lenzi yangu

Agosti ile nilikwenda Chamwino kupiga picha za ngoma ya Wagogo. Akina mama wanapiga muheme, ngoma wamezibana katikati ya mapaja, wachezaji wanaruka mbele yao, na ardhi imekauka kama majivu. Nilikaa pale saa tatu nzima, nikizumu kwenda na kurudi. Lenzi yangu ni ya milimita 17 hadi 55, ya f/2.8 (huo ndio upana mkubwa kabisa wa tundu lake la mwanga), ya mtumba, nami naipenda kuliko kitu chochote kilichomo kwenye begi langu la kazi. Ni lenzi inayorefuka ukizumu. Kila ikirefuka inavuta hewa, na hewa ya siku ile ilikuwa nyekundu.

Usiku nikaimulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya kioo cha mbele kulijaa chembe nyeupe, na unywele mmoja mfupi. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa Dodoma tangu enzi za filamu. Nikamwamkia, nikamweleza. Hata hakuishika.

"Mwanangu, kwenye picha umeyaona hayo mavumbi?"

"Hapana mzee, nimeyaona kwa tochi."

"Basi tochi iweke mfukoni. Kapige picha."

Alikuwa sahihi, na ningependa kila anayeanza kazi hii alijue jambo hili kabla hajashika bisibisi. Ukifungua lenzi hadi f/2.8, kila nukta ya picha inapata mwanga kutoka eneo pana la kioo. Chembe moja inaziba sehemu ndogo mno ya mwanga huo, tena iko karibu mno kuweza kuingia kwenye fokasi, kwa hiyo haiachi umbo lake kwenye picha. Tena si vumbi tu linaloingia: Roger Cicala wa Lensrentals, kampuni ya kukodisha lenzi kule Marekani, aliwahi kufungua lenzi iliyokuwa na inzi mzima ndani.

Wengi wanaonifuata wakilalamikia vumbi la lenzi huwa wanaona madoa meusi angani. Hayo kwa kawaida ni vumbi la sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Bana tundu la lenzi liwe dogo, hadi f/22, piga ukuta mweupe au anga ikiwa nje ya fokasi, kisha badili lenzi na urudie. Doa likibaki palepale, lenzi haina kosa.

Basi nikaendelea na kazi mpaka Oktoba, kwenye sendofu moja. Nyuma ya bibi harusi kulikuwa na pazia la taa ndogondogo za mapambo, zile ambazo zikiwa nje ya fokasi hugeuka miduara ya mwanga. Nilipofungua picha kwenye kompyuta, ndani ya kila mduara kulikuwa na vidoa, kama mbegu kwenye kipande cha tikiti, na ule unywele ukiwa umejikunja pembeni. Miduara yote, mpangilio uleule. Picha nilizompiga bibi harusi jua likiwa nyuma yake nazo zilikuwa na ukungu mwepesi. Hapo sasa vumbi lilikuwa limeingia kwenye kazi ya mteja.

Fundi wa Dar aliniambia, "Dada, ilete, nipe wiki mbili." Msimu wa harusi sina wiki mbili. Mwingine wa hapa mjini akajitolea kuipuliza kwa kompresa ya gereji. Nikakataa, maana upepo ule una nguvu kupita kiasi na unabeba mafuta na unyevu.

Nikaamua kuifungua mwenyewe, mbele tu, si zaidi. Nilichagua bafu. Nilimwaga maji ya moto sakafuni, nikafunga mlango, nikasubiri nusu saa mvuke utulie na kushusha vumbi lililo hewani. Nikavaa fulana ya pamba, nikafunga nywele, nikafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwenye lenzi hii, ule mduara wa plastiki ulioandikwa namba kuzunguka kioo cha mbele umebandikwa kwa gundi. Niliuinua polepole kwa ukucha, nikauweka upande wa gundi ukitazama juu. Chini yake kuna skrubu tatu. Skrubu za lenzi za Kijapani zina msalaba wake. Bisibisi ya kawaida ya nyota huzichuna vichwa, kwa hiyo tafuta inayokaa bila kucheza. Kabla ya kuzigusa nilichora alama ya penseli kwenye ukingo unaoshika kioo na kwenye mwili wa lenzi, kwa sababu kioo kikirudi kikiwa kimezunguka kidogo, upande mmoja wa picha unaweza kukosa ukali.

Kioo kikatoka. Nilikigeuza kitazame chini, nikapuliza kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, maana mdomo una mate. Chembe nyingi ziliondoka. Unywele uligoma, nikauondoa kwa ncha ya brashi laini iliyo safi kabisa. Sikusugua popote. Nikarudisha kioo alama kwa alama, nikakaza skrubu kidogokidogo kwa zamu, nikabandika ule mduara.

Kisha nikabandika kurasa nne za gazeti ukutani na kuzipiga kwa f/2.8. Herufi za kushoto na za kulia zilisomeka sawasawa. Nilikaa chini palepale kwenye kochi, mikono ikitetemeka.

Walio Tanga na Unguja waangalie jambo jingine. Mkiona nyuzi zenye matawi kama utando wa buibui, hilo si vumbi, ni kuvu. Pampu haifanyi kitu hapo, mpelekeeni fundi mapema.

Chembe moja imebaki, ndani zaidi, ambako sijui kufika bila kuvuruga mpangilio wa vioo. Jumamosi nilipiga sendofu nyingine, ukumbi uleule, pazia lilelile la taa. Nilikuza miduara mmoja mmoja. Ilikuwa safi.